Bach Alikuwa Mtumishi wa Halmashauri

Katika mijadala yetu kuhusu utamaduni wa taifa zipo kauli mbili zinazorudiwa mara nyingi mno, kiasi kwamba watu hawazidai tena ushahidi. Ya kwanza husema kwamba muziki wa Ulaya ulioandikwa kwa nota, yaani ule tunaouita wa klasiki pamoja na uimbaji wa kwaya uliotokana nao, ni mabaki ya ukoloni, na kwamba Mwafrika anayeimba kwa sauti nne anaimba utumwa wake mwenyewe. Ya pili husema kwamba muziki huo ndio kilele cha akili ya binadamu, na kwamba sisi tunazo ngoma tu, jambo la kuchangamsha uwanja kabla mgeni rasmi hajapanda jukwaani. Nimezisikia kauli hizi vyuoni, katika semina za wanaharakati na katika korido za ofisi za umma.

Katika makala haya nitajenga hoja kwamba kauli zote mbili zina kosa moja. Zote zinachukulia kwamba muziki huo ulitokana na hulka ya Wazungu, mmoja akiichukia na mwingine akiitukuza. Historia inaonyesha jambo la kawaida zaidi, na lenye manufaa zaidi kwetu: muziki huo ulitokana na taasisi. Walikuwapo watu waliolipwa ili wautunge, maandishi yaliyoutunza na shule zilizourithisha. Mfano wangu mkuu utatoka nyumbani kwetu Mapera, katika milima ya Mbinga, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa ulio chini yake. Huko muziki wa Ulaya uliingia kwa milango mitatu tofauti, na huko nyimbo za watunzi wetu zinapotea leo kwa sababu ambazo Ulaya ilizitafutia dawa zamani.

Mtawa, mwalimu na mtambo wa chapa

Tuanze na jambo ambalo kila mwanakwaya wa Mapera, Litembo au Kigonsera analijua. Mwalimu wa kwaya anapofundisha wimbo mpya huandika ubaoni herufi d, r, m, f, s, l, t, na waimbaji huzisoma kabla ya kutia maneno. Wengi hudhani kwamba herufi hizo ni za shule zetu tu. Chimbuko lake ni tatizo lililomsumbua mtawa mmoja wa Kibenediktini nchini Italia, Guido wa Arezzo, karibu miaka elfu moja iliyopita.

Tatizo la Guido lilikuwa la uongozi kuliko la sanaa. Waimbaji wa monasteri walitumia miaka mingi kukariri nyimbo zote za mwaka wa Kanisa. Mwalimu alipofariki, sehemu ya nyimbo iliondoka naye, na iliyobaki ilipindika midomoni mwa wanafunzi. Guido alichukua utenzi wa Kilatini wa kumsifu Yohane Mbatizaji ambao kila kipande chake kilianza ngazi moja juu ya kilichotangulia, akachukua silabi ya kwanza ya kila kipande: ut, re, mi, fa, sol, la. Aliimarisha pia matumizi ya mistari ya kuandikia nota. Kuanzia hapo mwimbaji aliyefunzwa aliweza kuimba wimbo ambao hajawahi kuusikia.

Baadaye ut ikawa do na silabi ya saba ikaongezwa. Katika karne ya 19 mwalimu wa kike wa mji wa Norwich nchini Uingereza, Sarah Glover, alirahisisha silabi hizo ili watoto wa kawaida waweze kuzisoma. Mchungaji John Curwen akazigeuza kuwa mfumo wa herufi ambao mtambo wowote wa chapa uliweza kuuchapa bila zana za pekee. Urahisi huo ndio uliozifikisha solfa katika shule za misheni za Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo uliotuzalia "Mungu Ibariki Afrika", naye alikuwa mwana wa elimu hiyo ya solfa. Kila tunaposimama wima mbele ya bendera, mtawa wa Arezzo yumo ndani ya pumzi yetu.

Tazama mnyororo huo: mtawa, mwalimu, mchungaji, mtambo wa chapa, shule. Kila pete yake ni kazi ya mtu aliyetaka nyimbo zisife na zisiwe mali ya wachache.

Mshahara na ugomvi

Mnyororo huo haukufumwa kwa amani. Karibu mwaka 1200, katika Kanisa la Notre-Dame mjini Paris, watunzi Léonin na Pérotin walikuwa wakijenga nyimbo za sauti mbili, tatu hata nne juu ya wimbo wa kale wa Kigregoriani. Wasomaji wangu walio wanafunzi wazingatie jambo hili: majina ya watu hao wawili hatuyapati kwenye nyimbo zenyewe. Tunayajua kwa sababu mwanafunzi mmoja wa karne ya 13, ambaye inasadikiwa alitoka Uingereza na ambaye jina lake mwenyewe limepotea, aliandika katika maelezo yake ya masomo nani alitunga nini. Maelezo hayo ya mwanafunzi yameokoa sura nzima ya historia ya muziki.

Wazee hawakufurahi. Katika miaka ya 1320 Papa Yohane XXII alitoa waraka wa kukemea watunzi vijana waliokatakata wimbo mtakatifu kwa nota fupifupi. Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, nao ulijadili namna sauti nyingi zinavyofunika maneno ya sala. Martin Luther alikuwa ameshachapisha tenzi za Kijerumani tangu mwaka 1524 ili muumini wa kawaida aimbe kwa lugha ya mama yake. Anayedhani kwamba ugomvi kuhusu ngoma na vigelegele kanisani ni ugomvi wa Kiafrika, asome historia ya Ulaya. Kila kizazi huko kililaumiwa kwa kuuharibu muziki, na lawama zilipopoa uharibifu huo ukaitwa urithi.

Sasa tufike kwa Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa mwaka 1685 na kufariki mwaka 1750. Wanaomtukuza humchora kama nabii aliyeshuka kutoka mbinguni. Kumbukumbu za mji wa Leipzig zinatuonyesha mwajiriwa wa halmashauri. Aliajiriwa mwaka 1723 kuwa kantori, na hakuwa chaguo la kwanza. Madiwani walimtaka kwanza Telemann, kisha Graupner, na mmoja wao alieleza kwamba kwa kuwa walio bora hawapatikani, itabidi wapokee wa kadiri. Kazi yake ilikuwa kufundisha wavulana wa shule na kuandaa muziki wa makanisa makuu ya mji, na katika miaka ya mwanzo alitunga kantata mpya karibu kila wiki. Mwaka 1730 aliiandikia halmashauri waraka akilalamika kwamba waimbaji na wapigaji vyombo ni wachache na wengine hawafai. Mtumishi yeyote wa umma aliyewahi kuomba vitendea kazi kwa maandishi atamtambua huyu kuwa mwenzake.

Baada ya kifo chake kazi zake nyingi zilipotea, na nyingine zilikaa makabatini bila kuimbwa. Mwaka 1829, mjini Berlin, kijana Felix Mendelssohn aliyekuwa na miaka 20 aliongoza maonyesho ya Mateso ya Bwana kwa kadiri ya Mathayo, kazi ya Bach ambayo umma ulikuwa umeisahau. Tangu hapo dunia imemjua Bach kama tunavyomjua leo. Hoja yangu yote imo katika tukio hilo. Mendelssohn hakuwa na miujiza ya kumfufua mtu. Alikuwa na nakala ya karatasi iliyotunzwa.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Haydn aliingia katika utumishi wa ukoo wa Esterházy mwaka 1761, na mkataba wake wa kwanza ulifanya tungo zake kuwa mali ya mwana wa mfalme. Mozart aliacha utumishi wa askofu mkuu wa Salzburg mwaka 1781 ili ajitafutie riziki Vienna. Mapinduzi ya Ufaransa yalianzisha chuo cha taifa cha muziki mjini Paris mwaka 1795. Mwaka 1851, huko huko Paris, watunzi waliunda chama cha kukusanya mirabaha yao. Kwa karne moja, basi, mtunzi alitoka kuwa mtumishi wa nyumbani akawa raia mwenye haki katika tungo zake. Mabadiliko hayo yaliletwa na mikataba na sheria.

Milango mitatu ya Mbinga

Muziki huo ulifikaje kwetu? Mlango wa kwanza ulikuwa wa Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka 1899. Waliofika Umatengo, kwa hiyo, walikuwa wa familia ile ile ya kitawa iliyomlea Guido. Walileta wimbo wa Kigregoriani na tenzi za Kijerumani, na Misa ikaendelea kwa Kilatini hadi miaka ya 1960. Wapo wazee wa milima ile ambao hawakuwahi kuona bahari lakini waliimba Kilatini kwa kichwa kutoka Kyrie hadi Agnus Dei.

Mlango wa pili ulikuwa ziwa lenyewe. Misheni ya Kianglikana ya UMCA iliweka makao yake kisiwani Likoma katika miaka ya 1880, ikajenga pale kanisa kuu, na kwa mashua na meli ikasambaza shule na ibada zake katika mwambao, Liuli ikiwamo. Hivyo Mmatengo wa mlimani alilelewa na wimbo wa Kikatoliki, na Mnyasa wa ufukweni akalelewa na wimbo wa Kianglikana, ilhali walikutana kila siku kubadilishana mahindi na samaki.

Mlango wa tatu ulikuwa wa jeshi. Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ilishambuliwa na Waingereza kwa meli mwezi Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Kuu kuanza. Vita hivyo viliwachukua maelfu ya watu kuwa askari na wapagazi, na waliporudi walikuwa wamesikia bendi za kijeshi. Kutokana na uzoefu huo, na kutokana na beni iliyokuwa imeanza pwani, mwambao wa Ziwa Nyasa ulijipatia mganda. Wachezaji hawakuwa na tarumbeta za shaba, basi walikata vibuyu na kuviziba kwa utando mwembamba unaotetema, wakapuliza sauti zao ndani yake hadi vikanguruma kama bendi ya askari. Wakaongeza ngoma kubwa, safu zilizonyooka, mavazi nadhifu na vyeo. Wanawake nao wana kioda yao. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika Mashariki, alionyesha kwamba vikundi vya aina hii vilikuwa vyama vya kusaidiana na uwanja wa kushindania heshima katika jamii ambayo mkoloni alikuwa ameivunjia heshima.

Hapa ndipo kauli ya kwanza inapokwama. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, aliuliza ni wangapi kati yetu tunaojua rumba na waltz tunazijua pia ngoma za makabila yetu. Swali lilikuwa la haki, na Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana aliyoiunda ilikuwa na sababu ya kuwapo. Hata hivyo mganda unaliongezea swali hilo uzito. Mganda ni mali ya watu wa Nyasa bila shaka yoyote, na ndani yake imo bendi ya Mzungu, imetafunwa na kumezwa. Anayetaka kuwarudishia Wazungu kila kilichotoka kwao itabidi aurudishe mganda pia, na nina hakika watu wa Mbamba Bay hawatamruhusu.

Kazi ya watunzi wetu

Ukitazama kazi ya watunzi wetu kwa jicho la kitaaluma utaona kwamba walikabili matatizo magumu. Chukua mkazo wa maneno. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za Kijerumani na Kiingereza zilitungwa kwa mashairi ambayo mistari yake huishia kwenye silabi nzito. Tuni hizo zilipovikwa Kiswahili, neno "Mwokozi" lilijikuta uzito wake umehama kutoka "ko" kwenda "zi", na waumini wakaimba miaka na miaka lugha ambayo hakuna anayeizungumza. Katika Kimatengo, ambacho kama lugha nyingi za Kibantu hutofautisha maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, hatari ni kubwa zaidi, kwani tuni inayopanda mahali ambapo neno linashuka inaweza kulipotosha.

Padre Stephan Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alilichukua suala la muziki wetu na Kanisa hadi ngazi ya tasnifu. Mwaka 1963 kilichapishwa Uswisi kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha waraka wa liturujia uliotaka mapokeo ya muziki ya mataifa ya misheni yapewe heshima na nafasi yake. Wakati huo tayari Padre Guido Haazen alikuwa ametoa Missa Luba huko Kamina, Kongo, mwaka 1958. Naye Mganda Joseph Kyagambiddwa alikuwa ametunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa misingi ya muziki wa Baganda, kazi iliyopata nafasi yake Roma mwaka 1964 mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Kenya nayo ilipojipatia uhuru mwaka 1963 iliikabidhi kamati ya wanamuziki wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, na kutoka humo ukatoka Wimbo wa Taifa.

Ulaya yenyewe haikukaa mbali na mabadilishano haya. Claude Debussy alisikia muziki wa Java katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1889, na sikio lake likabadilika. Béla Bartók na Zoltán Kodály walitembea vijijini Hungaria na fonografi mwanzoni mwa karne ya 20, wakakusanya nyimbo za wakulima na kuzifanya msingi wa sanaa mpya. Kodály alizirudisha nyimbo hizo mashuleni kwa njia ya solfa, pamoja na ishara za mikono alizozirithi kutoka kwa Curwen. Chombo ambacho kwetu hudharauliwa kuwa cha kwaya za vijijini ndicho kilichojenga elimu ya muziki ya taifa zima la Ulaya.

Kinachopotea

Watunzi wa Mapera hawakuishia kwa Padre Mbunga. Katika kila parokia na kila usharika wa nyanda zile yupo, au alikuwapo, mwalimu wa kwaya anayetunga. Mchana hulima kahawa na kuchimba ngoro, jioni huandika nyimbo katika daftari la shule kwa kalamu ya wino. Nilipokuwa kijana niliimba chini ya mwalimu wa namna hiyo. Alitunga nyimbo za Majilio, za mazishi, za harusi na za mavuno, na sauti yake ya besi ilikuwa na mwendo ambao hadi leo sijausikia kwa mtunzi mwingine. Alipofariki, madaftari yake yalibaki ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Mchwa waliyafikia kabla ya mtafiti yeyote. Nyimbo zake mbili au tatu bado zinaimbwa mbali na Mbinga, na kwenye nakala zinazozunguka, mahali pa jina la mtunzi hapana kitu.

Hilo si tukio la pekee. Mjadala wa urithi wetu hupenda kuuliza Wazungu walichukua nini, na swali hilo ni halali. Karl Weule alirekodi nyimbo za kusini-mashariki mwa nchi yetu mwaka 1906, na mitungi ya nta ya safari kama hizo ilihifadhiwa Berlin, katika hazina ya sauti ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 1999. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake, na kanda zake ziko Makhanda, Afrika Kusini. Hata kamusi ya Kimatengo ya Padre Johannes Häfliger ilichapishwa Ujerumani mwaka 1909. Zirudishwe nakala, na tudai zirudishwe. Lakini madaftari ya mwalimu wangu hakuyachukua Mzungu yeyote. Yalikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka shuleni, kanisani na ofisi ya kata, na hakuna kati yetu aliyeyaendea.

Wamatengo wanajua kanuni ambayo ingetufaa hapa. Mteremko ule mkali wa milima yetu ungeshabaki mawe matupu kama si ngoro. Mkulima hufyeka majani, huyapanga kwa miraba, huyafukia kwa udongo, na mashimo yanayobaki katikati huzuia maji ya mvua yasiondoke na rutuba. Kazi hiyo hurudiwa kila mzunguko wa kilimo, la sivyo udongo huishia ziwani. Nyimbo nazo ziko kwenye mteremko. Kila mtunzi anapofariki inanyesha mvua kubwa, nasi hatujachimba hata shimo moja.

Pingamizi mbili

Najua atakayesema kwamba halmashauri isiyo na dawa za kutosha haiwezi kufikiria nota. Namheshimu, kwa sababu anazungumzia uhai. Namwomba tu aitazame Leipzig tena. Bach alizaa watoto 20, na kati yao 10 tu ndio waliofikia utu uzima. Huo haukuwa mji uliomaliza matatizo ya afya ndipo ukakumbuka sanaa. Ulikuwa mji uliozika watoto wake kila juma, nao ukaona kwamba jamii inayozika inahitaji mtu wa kuwafundisha wengine kuimba, na kwamba mtu huyo alipwe. Kwetu, kwaya huitwa kwenye kila uzinduzi na kila mapokezi ya kiongozi, huimba juani kwa saa tatu, kisha hupewa soda na nauli ya kurudi nusu ya njia. Anayesema hatuna fedha za muziki aeleze kwanza kwa nini tunautumia kila siku.

Yupo pia atakayesema kwamba simu zimetatua tatizo, kwa kuwa kila kwaya sasa inajirekodi na kuweka video mtandaoni. Video ni jambo jema, lakini haitoshi. Nyingi hazina jina la mtunzi wala mwaka wa kutungwa, na wimbo uliosikika kwa spika mbovu haumwezeshi mwimbaji wa kesho kuipata sauti ya tatu. Zaidi ya hayo, hazina hiyo iko katika mashine za kampuni ya kigeni ambayo haina wajibu wowote kwa Mapera. Berlin walau walitunza.

Tufanye nini

Kwa watumishi wa umma: kila halmashauri ina afisa utamaduni. Apewe jukumu linalopimika, nalo ni kuorodhesha watunzi wa kwaya na viongozi wa mganda na kioda katika kata zake, kunakili madaftari yao kwa mashine ya kuskani, na kuweka nakala moja wilayani na nyingine katika maktaba ya chuo kikuu. Vifaa vyake ni mashine moja ya mezani, kabati la chuma na posho ya safari. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kijijini sawa na msanii wa Dar es Salaam, lakini mtunzi wa Mapera hawezi kufaidi ulinzi ambao hajawahi kuelezwa. COSOTA ifike kwake, maana yeye hana nauli ya kuifikia.

Kwa viongozi wa dini: makanisa ndiyo yaliyofaidi zaidi jasho la watunzi hawa. Lianze jambo moja lisilo na gharama, kwamba wimbo usigawiwe kwa waimbaji bila jina la aliyeutunga na mahali alipoutungia.

Kwa walimu: mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 inazungumza sana kuhusu ujuzi. Kusoma solfa ni ujuzi, na mwalimu wake mara nyingi yupo tayari kijijini. Mtoto wa Mbinga afundishwe do-re-mi kwa wimbo wa Kimatengo na wa Kinyasa, kama Kodály alivyowafundisha watoto wa Hungaria kwa nyimbo za bibi zao.

Kwa wanaharakati: tunapodai urithi ulioko ughaibuni, tudai pia kwa sauti ile ile bajeti ya kutunza ulioko hapa. Madai ya kwanza bila ya pili hutufanya wepesi wa kulaumu na wazito wa kutenda.

Kwa wanafunzi wangu, ninyi mnaotafuta mada za tasnifu kila mwaka na kuniletea vichwa vya habari vilivyokwisha kuandikwa mara mia: mkumbukeni yule mwanafunzi wa Paris asiye na jina. Likizo ijayo nendeni na daftari. Ulizeni wimbo huu ulitungwa na nani, lini, kwa tukio gani, na nani aliyeufundisha besi. Andikeni hata yanayoonekana madogo.

Na kama yupo msomaji ambaye nyumbani kwao, chini ya kitanda au juu ya dari, umo mfuko wenye madaftari ya marehemu baba, mama au mjomba aliyekuwa mwalimu wa kwaya, namsihi asiutupe. Aupandishe mahali pakavu, aandike juu yake jina la aliyetunga, kisha aende ofisi ya utamaduni ya wilaya yake aulizie kabati liko wapi. Akijibiwa kwamba halipo, aandike barua ya kuliomba, kama Bach alivyoiandikia halmashauri yake mwaka 1730.